Kupima na Kutunza Maji ya Bwawa la Kuogelea: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Bwawa Jipya

Masika yanapokwisha, wenye mabwawa mapya ya kuogelea, kuanzia Mapinga na Kerege hadi Kaole huku Bagamoyo, huja na malalamiko yanayofanana kama mapacha: wametia klorini ndoo nzima, maji yakang'aa siku mbili, na siku ya tatu yakageuka kijani kama jani la mgomba. Wengi wao si wavivu wala si wabahili. Kosa lao ni la mpangilio, kwa kuwa wametia dawa kabla ya kupima, na hata walipopima, wamepima klorini peke yake wakayaacha mambo mawili, yaani pH (kipimo cha uasidi wa maji) na stebilaiza (kinga ya klorini dhidi ya jua), yanayoamua kama klorini hiyo itafanya kazi au itakaa bure majini.

Hesabu zote za mwongozo huu zinafuata bwawa moja la kawaida la nyumbani lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4, kina cha mita 1 upande wa watoto na mita 1.8 upande wa pili. Ukishaielewa hesabu ya bwawa hilo, ya kwako ni kuzidisha au kugawanya tu.

## Vifaa na dawa za kuandaa

Kifaa cha kwanza, na ambacho hakifai kununuliwa kwa kubana senti, ni kisanduku cha kupimia maji. Nunua kile cha vidonge au matone kinachopima klorini huru (ile ambayo bado ina nguvu), klorini jumla (hiyo pamoja na iliyokwisha kufungwa na uchafu), pH, alkali na stebilaiza. Kile cha bei nafuu chenye chupa mbili, ambacho hugeuza maji kuwa ya njano, hupima klorini jumla peke yake na hakiwezi kukuambia ni kiasi gani bado kina nguvu. Karatasi za kupimia ni rahisi kutumia, lakini hewa yetu ya pwani huzilowesha ndani ya kopo, na baada ya mwezi mmoja wa kufunguliwa mara kwa mara hazisemi kweli.

Andaa pia vitu hivi:

- Klorini ya chembechembe, yaani kalsiamu haipokloraiti, ya asilimia 65 hadi 70. Soma lebo, kwa sababu ya asilimia ndogo huhitaji kipimo kikubwa zaidi.
- Asidi ya hidrokloriki ya takriban asilimia 33, kwa ajili ya kushusha pH.
- Bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni soda ile ile ya kuumulia keki (baking soda), kwa ajili ya kupandisha alkali. Usiibadilishe kwa magadi, kwa sababu magadi huirusha pH juu kwa ghafla.
- Stebilaiza, yaani asidi ya sianuriki, inayoikinga klorini isiunguzwe na jua.
- Mizani ndogo ambayo haitarudi tena jikoni, jagi lenye alama za mililita, na ndoo mbili za plastiki, moja ya klorini na nyingine ya asidi, zilizoandikwa kwa rangi isiyofutika.
- Glovu ndefu za mpira, miwani inayofunga macho pande zote, brashi ya mpini mrefu, wavu wa kuokotea majani, na daftari.

Onyo la kusoma mara mbili. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu inayoweza kumwangusha mtu hapo hapo. Klorini ya chembechembe ikichanganywa na vidonge vikubwa vya klorini, hata kwa kutumia kijiko kimoja kilichobaki na unga, inaweza kuwaka au kulipuka. Kila dawa iwe na kijiko chake na ndoo yake. Tia dawa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya dawa. Klorini na asidi zisikae katika chumba kimoja, na klorini isikae karibu na dizeli, mafuta wala mbolea.

## Hatua ya 1: Jua bwawa lako lina lita ngapi

Pima kina cha upande wenye kina kifupi na cha upande wenye kina kirefu, jumlisha, kisha gawanya kwa mbili ili upate kina cha wastani. Katika bwawa letu la mfano, 1 na 1.8 hutoa wastani wa mita 1.4. Zidisha 8 kwa 4 kwa 1.4 upate mita za ujazo 44.8, nazo ni lita 44,800. Ili kurahisisha hesabu, tuseme lita 45,000. Kwa bwawa la duara, zidisha nusu ya kipenyo kwa nusu ya kipenyo kwa 3.14, kisha kwa kina cha wastani.

Kipimo kichukuliwe kutoka usawa wa maji na si kutoka ukingo wa vigae, kwa sababu sentimita 15 za juu zilizo tupu ni karibu lita 5,000 katika bwawa kama hili. Namba hiyo iandike kwa rangi ukutani katika chumba cha pampu, ili hata kijana anayekusaidia siku ambayo haupo asikisie.

## Hatua ya 2: Yajue maji unayojazia

Maji ya bomba, maji ya boza na maji ya kisima si kitu kimoja. Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa karibu na bahari au katika mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake huwa magumu (yenye kalsiamu nyingi), yenye alkali nyingi na mara nyingine yenye chumvi. Ugumu unaofaa kwa bwawa ni kati ya miligramu 200 na 400 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Maji yanayozidi sana kiwango hicho huacha ukoga mweupe kwenye vigae na ndani ya mabomba, hasa pH ikipanda.

Kabla hujajaza bwawa zima, fanya jaribio la ndoo. Chota lita 10 za maji hayo katika ndoo nyeupe, tia nusu kijiko cha chai cha klorini, koroga, kisha acha kwa saa moja. Maji yakibaki na rangi yake, jaza bwawa. Yakigeuka rangi ya chai ya rangi, yana madini ya chuma, na yatafanya vivyo hivyo katika bwawa zima, tena siku ile ile utakayotia klorini mbele ya wageni. Maji ya namna hiyo yachujwe kwanza au yaachwe.

## Hatua ya 3: Zungusha na uchuje maji

Dawa haitembei yenyewe. Pampu inayosukuma mita za ujazo 8 kwa saa hulizungusha bwawa letu mara moja kwa takriban saa 6, nacho ndicho kiwango cha chini cha kila siku. Wakati wa joto la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari, na siku za wageni wengi, fikisha saa 8 hadi 10. Pampu ya nguvu ya farasi mmoja hula karibu uniti moja ya umeme kwa saa, na najua kishawishi cha kuizima kila unapoitazama LUKU. Hata hivyo, bwawa linaloshinda siku mbili bila kuzunguka hula klorini ya thamani kubwa kuliko umeme uliookolewa.

Taima ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme unapokatika na huendelea pale ilipoachia. Baada ya kila katizo la umeme, rekebisha saa yake, la sivyo utakuta pampu inafanya kazi usiku wa manane na kupumzika mchana wa jua kali.

Chujio la mchanga lina geji ya presha juu yake. Andika presha inayoonekana mara tu baada ya kuliosha. Ikipanda kwa baa 0.5 juu ya hapo, mchanga umejaa uchafu na ni wakati wa kuosha kinyume, yaani kupitisha maji kinyumenyume kwenye mchanga ili yatoe uchafu:

1. Zima pampu. Usigeuze mpini wa vali pampu ikiwa inafanya kazi, kwa sababu utavunja mpira wa ndani na maji yataanza kuvujia kwenye bomba la kumwagia bila wewe kujua.
2. Peleka mpini kwenye nafasi ya kuosha kinyume, washa pampu kwa dakika 2 au 3, na utazame kioo kidogo cha pembeni hadi maji yanayopita yawe safi.
3. Zima, peleka kwenye nafasi ya kusuuza, washa kwa nusu dakika, zima, kisha rudisha kwenye kuchuja.

Kazi hiyo humwaga takriban lita 400, kwa hiyo usiifanye kwa mazoea kila asubuhi. Chujio lenye uchafu kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko lililooshwa jana.

## Hatua ya 4: Chota na pima bila kujidanganya

Pima asubuhi kabla ya waogeleaji kuingia, pampu ikiwa imeshazunguka kwa saa moja. Simama mbali na matundu yanayorudisha maji bwawani, geuza kichupa kinywa chini, kizamishe hadi maji yafike kiwiko, ndipo ukigeuze kijae. Maji ya juu kabisa yamepigwa na jua na yamebeba mafuta ya ngozi, kwa hiyo hayawakilishi bwawa.

Suuza kichupa kwa maji ya bwawa mara mbili kabla ya kupima, na usiguse kidonge kwa vidole. Soma rangi ukiwa kivulini, ukiwa umelipa jua mgongo na ukuta mweupe uko mbele yako. Mtu anayesoma rangi huku amevaa miwani ya jua anapima miwani yake.

Viwango vinavyolengwa ni hivi (isipokuwa pH, vyote ni miligramu kwa lita):

- pH: 7.2 hadi 7.6, na isizidi 7.8
- Klorini huru: miligramu 2 hadi 4 kwa lita
- Tofauti kati ya klorini jumla na klorini huru: isizidi 0.4
- Alkali: 80 hadi 120
- Stebilaiza: 30 hadi 50

Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa hushauri klorini huru isipungue 1 katika bwawa lisilo na stebilaiza, na isipungue 2 katika bwawa lenye stebilaiza. Kwa bwawa la wazi chini ya jua la Bagamoyo, mimi sishuki chini ya 2.

Hapa kuna mtego ambao uliniingiza mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Nilitia kidonge cha kupimia, maji yakabaki bila rangi ya waridi, nikaamini klorini imekwisha, nikaongeza. Kesho yake hakuna rangi tena, nikaongeza tena. Siku ya tatu nguo ya kuogelea ya mgeni ilipauka mabegani, ndipo nilipokiinamia kichupa na kukitazama kwa makini: kidonge kilipogusa maji, kulikuwa na wingu la waridi lililodumu kwa pumzi moja, kisha likafutika. Klorini ilikuwa nyingi kiasi cha kuunguza rangi ya kipimo. Ukishuku hali hiyo, changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji safi ya chupa, pima, kisha zidisha jibu kwa 5. Klorini nyingi namna hiyo huvuruga pia kipimo cha pH, kwa hiyo usiiamini namba ya pH hadi klorini ishuke.

Jambo la pili linalowachanganya wengi ni harufu. Bwawa linalonuka dawa kali na kuwasha macho halina klorini nyingi, bali klorini yake imeshafungwa na jasho, mkojo na mafuta, na ndiyo maana klorini jumla huzidi klorini huru. Tiba yake ni kuongeza klorini, ingawa pua inakuambia kinyume. Kinga yake ni bafu la kuoga kabla ya kuingia, na wazazi kuwapeleka watoto chooni kila baada ya muda.

## Hatua ya 5: Rekebisha alkali kwanza

Alkali ndiyo inayoishikilia pH isiyumbe. Ikiwa chini ya 80, pH hupanda na kushuka kwa kila mvua, nawe utaifukuza kwa asidi leo na kwa soda kesho.

Ili kuipandisha kwa 10, tia gramu 170 za bikaboneti ya sodiamu kwa kila lita 10,000. Bwawa letu la lita 45,000 lenye alkali ya 60 linahitaji kufika 90, yaani nyongeza ya 30, nayo ni takriban kilo 2.3. Tia nusu jioni ya leo kwa kuinyunyiza kwenye kina kirefu pampu ikiwa inafanya kazi, na nusu kesho, kisha pima.

Kwa maji ya kisima tatizo huwa ni la upande wa pili: alkali ya 200 au zaidi, na pH inayopanda kila siku mbili. Ishushe kwa kutia asidi hadi pH ifike 7.2, halafu geuza matundu ya kurudishia maji yaelekee juu ili yatikise uso wa bwawa na kufanya mapovu. Mapovu hayo hufukuza gesi ya kaboni na kuipandisha pH bila kuirudisha alkali. Rudia kwa siku kadhaa. Ni kazi ya subira, na anayejaribu kuimaliza kwa dumu moja la asidi huishia kula saruji ya viungio vya vigae vyake.

Umefaulu ikiwa namba ya alkali haijabadilika kwa siku tatu mfululizo.

## Hatua ya 6: Ishike pH

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayowala watu fedha. Klorini ikiingia majini hugawanyika katika maumbo mawili, moja lenye makali ya kuua vijidudu na moja dhaifu. pH ndiyo inayoamua mgawanyo huo. Kwenye maji yasiyo na stebilaiza, pH ya 7.5 huacha karibu nusu ya klorini ikiwa na makali, pH ya 8 huacha karibu robo, na pH ya 8.5 huacha takriban sehemu moja ya kumi. Mtu mwenye pH ya 8.5 amenunua kilo kumi za klorini lakini anatumia moja.

Kuishusha pH kutoka takriban 7.8 hadi 7.5, anza na mililita 100 za asidi kwa kila lita 10,000. Kwa bwawa letu ni mililita 450.

1. Vaa glovu na miwani, na usimame upande unaotoka upepo. Mchana huku kwetu upepo hutoka baharini mara nyingi, lakini hakikisha mwenyewe.
2. Jaza maji ya bwawa kwenye ndoo ya asidi hadi lita 8, ndipo umimine asidi taratibu ndani ya maji hayo.
3. Washa pampu, tembea ukingoni mwa kina kirefu ukimwaga kidogo kidogo karibu na usawa wa maji. Usimwage kwenye skima, yaani tundu la ukingoni linalofyonza maji ya juu, kwa sababu asidi kali itapita moja kwa moja kwenye pampu na mabomba.
4. Acha maji yazunguke saa 4 au zaidi, pima tena, na uongeze ikibidi.

Usijaribu kushuka kutoka 8.2 hadi 7.4 kwa mara moja. Asidi ni rahisi kuongeza, lakini ikizidi haiondoki bila dawa nyingine. Dawa nyingine yoyote ingojee hadi maji yamalize mzunguko mmoja kamili.

## Hatua ya 7: Tia klorini jua likizama

Jua huivunja klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache. Anayetia saa nne asubuhi anailisha mionzi, na anayetia saa kumi na mbili na nusu jioni huipa usiku mzima wa kufanya kazi.

Kupandisha klorini huru kwa miligramu 1 kwa lita, bwawa la lita 45,000 linahitaji gramu 70 za klorini ya asilimia 65. Kama umepima 0.5 na unataka 3, pengo ni 2.5, na kipimo ni gramu 175. Mwenye bwawa jingine achukue gramu 15.5 kwa kila lita 10,000 kwa kila miligramu moja.

Jaza ndoo ya klorini kwa maji, nyunyiza chembechembe juu yake zisizozidi gramu 250 kwa ndoo moja, koroga kwa mti mkavu na safi, kisha subiri dakika kumi. Chini patabaki tope jeupe la kalsiamu. Mwaga maji ya juu kuzunguka bwawa pampu ikiwa inafanya kazi, na tope hilo liache ndani ya ndoo, kwa sababu likiangukia sakafuni huacha madoa, na bwawa lenye turubai ya plastiki huweza kupauka pale chembe zilipolala.

Usiruhusu mtu kuingia usiku huo. Asubuhi pima: klorini ikiwa kati ya 2 na 4 na pH ikiwa ndani ya kiwango, bwawa liko wazi.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho hakigharimu chochote ila usingizi kidogo. Pima klorini huru saa mbili usiku, kisha pima tena alfajiri kabla ya jua. Ikiwa imepungua kwa zaidi ya 1, kuna kitu hai kinachoila, hata kama maji yanang'aa. Ikiwa haikupungua usiku lakini hupotea mchana, mla klorini wako ni jua, na shida iko katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 8: Stebilaiza, kidogo inatosha

Stebilaiza hupimwa kwa kuchanganya maji ya bwawa na dawa inayoyafanya yawe meupe kama tui, kisha kuyamimina polepole kwenye mrija wenye alama nyeusi chini. Mahali alama inapopotea machoni ndipo namba inaposomwa. Watu wawili wanaweza kutofautiana kwa 10, na si neno.

Kupandisha kwa 30 katika bwawa letu, pima kilo 1.35, tia kwenye soksi safi, na uining'inize mbele ya tundu linalorudisha maji. Huyeyuka kwa siku kadhaa, kwa hiyo usipime tena kabla ya wiki kwisha.

Tatizo kubwa zaidi ni kuzidi. Vile vidonge vikubwa vya gramu 200 vinavyoelea kwenye kikombe cha plastiki vina stebilaiza ndani yake. Katika lita 45,000, kidonge kimoja huongeza takriban miligramu 2.4 za stebilaiza kwa lita. Vidonge viwili kwa wiki ni karibu 5, na kwa wiki ishirini unakaribia 100, kiwango ambacho klorini hukingwa mno hata ikapoteza kasi ya kuua. Mwenye bwawa huona klorini ya 3 kwenye kipimo na maji ya kijani mbele yake, akadhani kauziwa dawa bandia. Vidonge hivyo vinafaa ukisafiri kwa wiki mbili, si kwa mwaka mzima.

Stebilaiza haiondolewi kwa dawa ya kawaida. Hupunguzwa kwa kumwaga maji na kujaza mapya: kutoka 120 hadi 40 unahitaji kubadilisha theluthi mbili. Usilikaushe bwawa lote, hasa wakati wa masika na hasa katika viwanja vilivyo karibu na ufuo, ambako maji ya ardhini huwa juu. Bwawa tupu husukumwa kutoka chini kama mtumbwi na linaweza kupasuka au kuinuka. Punguza theluthi moja, jaza, pima, kisha rudia baada ya siku chache.

## Ratiba ya wiki

Klorini na pH zipimwe kila siku kwa mwezi wa kwanza, baadaye angalau mara tatu kwa wiki, na kila baada ya mvua kubwa au sherehe ya watu wengi. Alkali ipimwe mara moja kwa wiki, stebilaiza na ugumu mara moja kwa mwezi. Kuta zipigwe brashi mara moja kwa wiki, ngazi na pembe mara mbili, kwa sababu hapo maji hayatembei na ukijani huanzia hapo. Kikapu cha skima kimwagwe kila siku ikiwa una mwarobaini au mwembe karibu.

Daftari liwe na tarehe, namba zote, dawa iliyotiwa na hali ya hewa. Ukimwita fundi, mpe daftari kabla hujamweleza lolote.

Mtoto akijisaidia majini na kinyesi kikawa kigumu, toa watu wote, kiokote kwa wavu, hakikisha klorini huru ni 2 au zaidi na pH ni 7.5 au chini, na subiri nusu saa. Ikiwa ni kuhara, funga bwawa, kwa maana kuna vimelea vinavyovumilia klorini ya kawaida kwa siku kadhaa, na muite mtaalamu.

## Maji yakishageuka kijani

Funga bwawa. Kama huoni sakafu ya kina kirefu, hutamwona pia mtoto aliyezama.

Okota majani yote kwanza, kwa kuwa kila jani lililoachwa hula klorini iliyokusudiwa maji. Pima stebilaiza, ikiwa imezidi 80, badilisha maji kabla ya kutia dawa. Shusha pH hadi 7.2 na usubiri mzunguko mmoja wa pampu. Jioni piga brashi kuta zote na sakafu, kisha tia klorini ya kuongeza miligramu 10 kwa lita, ambayo kwa bwawa letu ni gramu 700 zilizogawanywa katika ndoo tatu. Pampu ifanye kazi usiku na mchana.

Asubuhi maji yatakuwa na rangi ya kijivu au ya maziwa yaliyopunguzwa kwa maji. Hiyo ni habari njema: ukijani umekufa, na sasa ni kazi ya chujio. Osha kinyume kila presha inapopanda baa 0.5, hata kama ni mara mbili kwa siku, na rudisha klorini kwenye 10 kila jioni hadi kile kipimo cha usiku na alfajiri kionyeshe upungufu wa chini ya 1.

Siku ya tatu au ya nne tupa sarafu ya shilingi 200 kwenye kina kirefu na usubiri maji yatulie. Kama unaiona ila huwezi kusema ni simba au ni sura ya Karume iliyo juu, acha pampu iendelee. Ukiweza kusema, pima klorini, ngoja ishuke hadi 4, kisha mtume kijana akaizamie.